Kutoka Delft Hadi Kisumu: Siku za Kuuliza Kila Kitu

Haya nimeyaandika nikiwa nimeshatulia, kutokana na maneno mawili matatu niliyokuwa nikiyaweka kwenye simu kila jioni na picha ambazo nyingi nilizipiga kupitia dirisha la matatu. Wenzangu walio bado ng'ambo huniuliza kurudi nyumbani kukoje. Mimi nilikuwa Delft, Uholanzi, nikisomea uhandisi wa maji katika IHE, taasisi ya elimu ya maji, na kwetu ni Kisumu. Joto, vumbi na kelele nilivitarajia. Sikutarajia kwamba ningekuwa nimesahau kuuliza. Kule saa ya treni iko kwenye simu, bei imebandikwa rafuni, mashine inapokea pesa zako, na mtu anaweza kununua chakula cha wiki nzima bila kufungua mdomo. Huku habari zote zimo vinywani mwa watu, na usipouliza utakaa hapo hapo ulipo.

Jumatano usiku: Nairobi

Ndege kutoka Amsterdam huchukua takriban saa nane. Tulitua usiku, nikapita uhamiaji haraka, kisha nikasubiri masanduku mpaka miguu ikafa ganzi. Laini yangu ya Kenya ilikuwa imefungwa kwa kutotumika muda mrefu, kwa hiyo sikuwa na simu wala M-Pesa, na mtu asiye na M-Pesa Kenya ni kama hayupo. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniona nikiitikisa simu kana kwamba ingepona. Akanipa yake. "Pigia mtu wako, mami. Mimi sina haraka, wangu bado yuko kwenye foleni ya magari." Akakaa juu ya sanduku lake, akavua viatu, akanisubiri nimalize kuelekezana na binamu yangu. Nilipotaka kumlipa muda wa maongezi alinikemea.

Mnaorudi, laini zenu zitumieni hata mara moja moja mkiwa huko. Na msifunge viatu kwenye mifuko ya plastiki ya dukani: marufuku iliyoanza Agosti 28, 2017 ingalipo, na mifuko hiyo mtaiacha uwanjani.

Alhamisi: Nairobi hadi Nakuru

Saa tatu asubuhi nilikuwa Nyamakima, kituo cha matatu, na masanduku yangu mawili, laini mpya mfukoni.

"Inaondoka saa ngapi?"

"Ikijaa, siste," akasema makanga.

"Na huwa inajaa saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Hiyo sasa hivi ilichukua muda wa saa moja na robo. Mwanzoni nilikasirika kimoyomoyo, nikiangalia saa kila dakika. Kisha wachuuzi wakaanza kupitisha mali zao dirishani: karanga, soksi, chaja, miwani ya kusomea, tufaha zilizong'arishwa kwa kitambaa. Mzee aliyekaa karibu nami alijaribu miwani minne, akisoma kwa sauti tangazo lililokuwa ukutani ng'ambo ya barabara, na matatu nzima ikamsaidia kuamua ipi inamfaa. Alinunua ile ya mia mbili na hamsini.

Mzozo ulikuwa wa masanduku. "Hii kubwa ni mtu mzima," makanga akasema. "Italipa kiti." Nauli ilikuwa mia sita, na alitaka sanduku nalo litoe mia sita. Nilikuwa natafuta maneno pale yule mzee alipogeuka na miwani yake mipya. "Kijana, sanduku halina makalio. Weka huko nyuma, akupe mia mbili." Nikampa mia mbili. Baadaye niliambiwa na dada aliyekaa mbele kwamba mia ingetosha.

Ukienda Nakuru, kaa upande wa kushoto. Barabara ya juu ikishapita Limuru, Bonde la Ufa linafunguka upande huo, na Longonot imekaa katikati yake. Mbele zaidi utaona Ziwa Naivasha, na ukipita Gilgil, Ziwa Elementaita. Magari mengine hushukia Mai Mahiu, na huko kuna kale kakanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Sisi tulipita Soko Mjinga, abiria wawili wakaomba dereva asimame "dakika moja tu", wakarudi na viazi na kabeji ambazo hazikulipiwa kiti wala nini. Nililiangalia sanduku langu, nikanyamaza.

Shangazi yangu anakaa London. Ni mtaa wa Nakuru. Kwa muda wote niliokaa Ulaya sikufika London ile nyingine, na nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akashika ukuta. Jikoni kulikuwa na chapati na ndengu.

"Umekonda. Huko hawana chakula?"

"Wanacho, shangazi. Mchana wanakula mkate na jibini."

"Halafu?"

"Basi. Wanarudi kazini."

Hakusema kitu. Aliingia jikoni akaniongezea chapati mbili.

Ijumaa: Nakuru

Siku ya kulala. Jioni binamu alinipeleka kwa pikipiki hadi ukingo wa Menengai, volkeno ambayo kasoko yake ina upana wa takriban kilomita 12. Huko chini mvuke wa visima vya jotoardhi ulikuwa ukipanda polepole. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na ukiitazama kutoka juu unaona jinsi ilivyobanwa kati ya kasoko na ziwa, ziwa ambalo kwa miaka ya karibuni limepanda na kumeza hata baadhi ya barabara za mbugani. Chukueni sweta: mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya jioni yake mimi niliyetoka Uholanzi ilinitetemesha.

Jumamosi: Nakuru hadi Kisumu

Nauli mia nane. Safari hii masanduku niliyauliza bei kabla sijayashusha kwenye tuktuk, yakaenda kwa mia moja yote mawili.

Kati ya Salgaa na Sachangwan gari zilikuwa zimefuatana nyuma ya malori, na dereva wetu, Mungu ambariki, hakujaribu kuyapita. Tulipofika Londiani Junction mazungumzo yalikatika. Juni 2023 lori lilipoteza njia hapa likavamia wauzaji na abiria waliokuwa kando ya barabara, likaua zaidi ya watu 50. Mama mmoja nyuma alivuta pumzi kwa nguvu. Hakuna aliyesema neno mpaka tukawa tumepita.

Kericho mvua ilitukuta, kama kawaida yake, na mashamba ya chai yakawa kijani cha kuumiza macho. Kutoka hapo barabara inateremka, joto linapanda, na mtu anaanza kuvua tabaka za nguo moja moja.

Karibu na Ahero gurudumu la nyuma likapata pancha. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Makanga akasimama katikati ya barabara akipungia malori mpaka moja likasimama. Wakati huo sisi abiria tulikuwa tumeshakaribishwa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza uji na mandazi. Alitoa viti vyote alivyokuwa navyo, alipoishiwa akapindua ndoo. Mtoto mchanga wa abiria mmoja alilala kwenye mkeka wa mwana wa mama huyo.

Ukuta wa kibanda ulikuwa wa mabati juu na udongo chini, na kwenye udongo kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia uliokatiza usawa wa goti langu. Nilijua ni nini kabla ya kuuliza, lakini niliuliza.

"Maji hayo," akasema. "Yalikuja usiku. Uji wote ulikwenda."

"Yalitoka mtoni?"

"Mto ulikuwa mbali. Yalitoka kule," akanionyesha kalavati iliyopita chini ya njia ya kuingilia mashambani. "Hiyo ni ndogo. Tuliwaambia ni ndogo. Ikiziba, maji yanageuka yanakuja kwangu."

Nilivuka nikaenda kuchungulia. Kipenyo chake hakikufika mkono wangu mzima, na nusu ilikuwa imejaa udongo mwekundu na majani ya mpunga. Mto Nyando unashuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Londiani ukiwa na mwendo na udongo mwingi. Ukifika uwanda wa Kano, ambako ardhi imelala kabisa, mwendo unaisha na udongo unatua. Mkondo unajaa mwaka hadi mwaka, na mvua kubwa ikija maji yanatafuta njia yake. Haya yote nilikuwa nayo kwenye ramani zangu za tasnifu, kwa rangi nzuri za bluu. Kalavati ya mama huyu haikuwamo. Nikampiga maswali mpaka uji wangu ukapoa: yalikaa muda gani, yalianza kupungua upande upi, mwaka ule wa 2020 yalifika wapi. Alijibu yote akikaanga mandazi, bila kusitasita.

Tuliondoka giza likiwa limeingia. Alikubali pesa za uji peke yake. Ya viti alisema, "Viti havikuchoka."

Jumapili: Kibuye

Soko la Kibuye hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake. Nilikwenda kutafuta baiskeli. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba gari sina pesa nalo, na pikipiki sitaki kupanda mara nne kwa siku. Kisumu mjini ni tambarare, ukiondoa kilima cha Riat ambacho hakinihusu.

Niliipata kwenye safu ya mitumba: ya kijani, kikapu mbele, kengele nzima.

"Elfu kumi na mbili, madam. Kwa sababu ni wewe."

Nilinyamaza. Sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa tu sijui la kusema. Nilikotoka bei ni bei. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli.

"Sawa, kumi."

Bado nilikuwa natafuta neno.

"Madam, wewe ni mgumu. Tisa na nusu."

Hapo mama anayeuza chupa za chai kando yake akaingilia. "Usimpe pesa kabla ya kushika breki." Nikashika. Breki ya nyuma haikushika kitu. Tukamalizana kwa elfu nane na mia tano, na tyubu moja ya ziada, na yule mama akataka ninunue chupa ya chai kama shukrani. Nikanunua. Mia nane. Inavuja.

Fundi alikuwa chini ya mwavuli karibu na maseremala. Mzee mwenye mikono mirefu, myeusi kwa grisi hadi viwiko. Aliniambia alikuwa boda boda wakati boda boda zilipokuwa baiskeli, akibeba watu kutoka Kondele, kiti cha nyuma kikiwa na mto wenye vishada. Pikipiki na tuktuk zilipoingia wateja wakahama. Yeye akabaki na spana. Alivua tyubu ya mbele, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, akiikamua kwa vidole. Vipovu vidogo vilipanda mahali pamoja. Akakausha kwa shati lake, akaweka alama kwa njiti ya kiberiti, akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi, kisha akangoja. Alingoja muda mrefu hivi, macho barabarani, bila kuigusa, mpaka nikadhani amesahau.

"Mzee, bado?"

"Gundi haiulizwi, nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo.

Akabandika kiraka, akakigonga kwa mpini wa bisibisi. Mia moja kiraka, mia tatu breki.

Njiani kurudi nilihesabiwa kama kituko. Mwanamke wa umri wangu, na viatu vizuri, kwenye baiskeli! "Madam, gari iko gereji?" aliuliza dereva wa tuktuk kwenye mzunguko. "Ndiyo," nikamjibu, na nikashangaa jinsi jibu lilivyotoka haraka. Akanipisha.

Jumatatu hadi Alhamisi: mjini

Ofisi, foleni, ofisi. Stima ilipotea mara kwa mara mahali ninapofanyia kazi, na maji ya bomba mtaani yalikatika, tukanunua kwa mtungi. Yaliyo ya maana kwa mnaorudi ni haya. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa rasmi, na mwajiri atakuuliza barua ya utambuzi huo. Rudi na cheti halisi na orodha ya alama, usitegemee kutumiwa baadaye. NHIF, bima ya afya mliyoiacha, haipo tena: SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 1, 2024, na unajisajili hata kwa simu, *147#. Mimi niliambiwa hilo na mlinzi wa getini, aliyenionea huruma nikiwa nimeshika kadi ya zamani.

Ijumaa jioni: Dunga

Kutoka mjini hadi ufuo wa Dunga ni mwendo mfupi wa baiskeli, na kipande cha mwisho, mafunjo yakiwa yamesimama pande zote mbili, ndicho kizuri kuliko vyote. Samaki aina ya ngege huchaguliwa wakiwa wabichi, juu ya barafu. Mama muuzaji aliinua mmoja kwa kidole kwenye shavu, akampima kwa mkono. "Huyu mia saba. Huyu mia tano lakini utabaki na njaa." Nikachukua wa mia saba, na ugali na sukuma juu yake. Samaki alikaa karibu saa moja kabla ya kufika mezani, na katika saa hiyo nilijua watoto wa mama huyo ni wangapi na yupi anasumbua.

Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu niliwauliza kuhusu ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi ya mwaka 1964, na wao walinionyesha pale ambapo zamani paliegeshwa mitumbwi, sasa ni maji yenye gugumaji. Mmoja alitaka kujua kama Uholanzi nako kuna ziwa. Nikamweleza kwamba karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari na watu wanalala humo usingizi mzuri. Akamtazama mwenzake. "Na nani anashika bahari?"

"Kuta. Na pampu. Na kodi."

"Ah. Kodi tunayo."

Delft, mwezi wa Juni, jua huzama saa nne za usiku. Nilikuwa nimelizoea hilo kiasi kwamba saa kumi na mbili na nusu bado nilikuwa nachokora mifupa. Kufika saa moja ilikuwa giza kamili, na baiskeli yangu haina taa. Dereva wa tuktuk aliifunga nyuma kwa mpira wa tyubu kuukuu, gurudumu moja likiwa hewani, akanifikisha mlangoni kwa mia mbili na hamsini. Nendeni Dunga kuanzia saa tisa, au mnunue taa.

Jumamosi na Jumapili: Luanda

Nyanya anaishi ng'ambo ya Luanda, kaunti ya Vihiga. Matatu hupitia Kisian na kupanda hadi Maseno, ambako mstari wa ikweta unakatiza. Mia moja na hamsini kutoka Kisumu.

Nilimpelekea blanketi na kipande kikubwa cha jibini kilichofunikwa kwa nta nyekundu. Blanketi alilivaa papo hapo, juani. Jibini alilinusa, akaonja kidogo kwenye ncha ya kisu, akatafuna kwa adabu ya hali ya juu. "Ni nzuri," akasema, akampa mjomba. Mjomba akampa jirani. Mara ya mwisho niliiona mikononi mwa watoto, wakichonga nta kuwa ng'ombe.

Kuku alichinjwa. Ugali, mrenda, kuku wa mchuzi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, mwenye boma au mgeni wa heshima, na mjomba alikuwa ameshasogeza sahani. Nyanya akaichukua kwa vidole vyake mwenyewe akaiweka kwenye sahani yangu. Kukawa na kimya. Mjomba akakohoa.

"Mama, hiyo ni…"

"Najua ni nini. Wewe umesoma wapi?"

Mjomba akachukua paja. Nililamba vidole, na kusema kweli firigisi yenyewe ilikuwa ngumu.

Usiku kucha aliniuliza maswali. Waholanzi wanazika wapi watu wao kama chini ni maji? Nani alikuwa akinipikia? Kwa nini nimerudi na baiskeli si gari? Na hiyo shahada, itamletea maji hapa juu, ambako kisima kinakauka Januari? Nikamwambia nitakuja na vipimo. "Lini?" akasema. Tulikubaliana mwezi ujao, naye akamwita mjomba awe shahidi.

Ukitoka Luanda Jumapili, ondoka kabla ya saa tisa. Baada ya hapo wanafunzi na watu wa kazi wote wanarudi mjini, nauli inapanda hadi mia mbili na hamsini, na mvua ikianza mia tatu. Mimi niliondoka saa kumi na moja, nikabishana kwa Kiswahili, Kiluhya na Kijaluo changu cha kuokoteza, nikashusha hadi mia mbili, na nikapewa kiti cha mbele, kuku hai miguuni, zawadi ya nyanya. Kuku hakulipiwa nauli.